Umeme unapotelea wapi? Maswali yenu kuhusu adapta, inveta na chaja zinazochemka

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia joto. Mmoja adapta yake haishikiki, mwingine regyuleta inachemka mpaka inajizima, mwingine betri inaisha usiku na hajui kimeila nini. Mmeanzia mahali pazuri kabisa, maana kifaa cha kubadilisha umeme kina kazi moja tu, kupokea umeme wa aina hii na kutoa wa aina ile, na kile kilichoingia kisipotoka upande wa pili hakina pa kwenda zaidi ya kugeuka joto. Umeingiza wati 100 ukapata 90, basi zile 10 zimepasha kava, hitisinki (kile chuma cha kupozea) na hewa ya hapo ulipo. Kwa hiyo karibu kila barua nimeijibu kwa kuuliza kitu kilekile, hili joto limetoka sehemu gani ya saketi na kwa nini. Barua ndefu nimezifupisha, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nna adapta mbili, moja ya redio ya zamani nzito kama jiwe, nyingine ya simu nyepesi. Ile nzito ina joto hata redio ikiwa imezimwa, ya simu ikikaa bila simu ni baridi kabisa. Je, nikiziacha kwenye soketi usiku kucha zinakula umeme? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Marahaba. Ndiyo zinakula zote, ila moja inakula kweli na nyingine inaonja tu. Ile nzito ndani yake kuna transfoma ya chuma iliyoungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, yaani ukishachomeka tu, redio iwake isiwake, koili ya kwanza inapitisha mkondo na kile chuma kinafanywa sumaku kikigeuzwa huku na huku mara 50 au 60 kwa sekunde. Kila kikigeuzwa kinadai nishati yake kidogo, na juu ya hapo ndani ya chuma chenyewe kunazaliwa mikondo midogo inayozunguka na kukipasha moto, ndo maana chuma cha transfoma hakiwi bonge moja, kinakatwa kuwa mabati membamba yaliyopakwa rangi ya kuzuia umeme usiruke kutoka bati hadi bati. Transfoma kubwa za gridi zimetengenezwa kwa uangalifu mno na zinapitisha zaidi ya asilimia 99 ya umeme unaoingia, lakini hizi ndogo za adapta zilitengenezwa kwa kubana chuma na shaba, kwa hiyo wati moja mpaka tatu za bure hivi ni kawaida yake.

Ile nyepesi inafanya kazi kwa njia nyingine. Inaunyoosha kwanza umeme wa ukutani kuwa DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, halafu inaukatakata makumi elfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo ya feraiti, aina ya kauri yenye usumaku. Ukikata kwa kasi hivyo kila kipande kinabeba nishati kidogo, kwa hiyo chuma kingi hakihitajiki wala waya mrefu. Na isipokuwa na mzigo inasinzia, inaamka mara mojamoja kujaza kapasita, kile kihifadhi chaji chake, na kusinzia tena.

Hii tabia ya kusinzia haikuja yenyewe. Shirika la Kimataifa la Nishati lilianza kupigia debe kikomo cha wati moja mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ukaja kuweka nusu wati kwa vifaa vingi vya nyumbani na ofisini vikiwa kwenye hali ya kusubiri kuanzia 2013, na Marekani kuanzia 2016 adapta ndogo za kawaida zinatakiwa zisizidi wati 0.1 zikikaa bila mzigo. Piga hesabu mwenyewe, wati 2 mwaka mzima ni karibu uniti 17 na nusu, wati 0.1 haifiki uniti moja. Nzito ichomoe ukimaliza kusikiliza. Nyepesi kama ni ya kiwango isikunyime usingizi.

SWALI: Kaka, natengeneza kisanduku cha kuchajia simu kutoka betri ya volti 12. Nimetumia regyuleta ya 7805, nikiunga simu moja inayovuta ampea moja regyuleta inachemka baada ya dakika chache inakata. Nimeongeza hitisinki mara mbili ya ile ya kwanza bado. Niweke na feni? – Fundi redio

JIBU: Usiweke feni ndugu yangu, utakuwa unatumia umeme kupoza umeme unaoutupa. Hitisinki haipunguzi upotevu hata kidogo, inausaidia tu kutoka nje.

Angalia 7805 inafanya nini. Inapokea volti 12, inatoa 5, zile 7 katikati inazishikilia yenyewe huku ampea ileile moja ikipita ndani yake. Volti 7 mara ampea 1 ni wati 7 za joto, wakati simu imepata wati 5. Yaani joto limeizidi simu, ufanisi ni asilimia 42 hivi, na betri ikiwa inachajiwa ikapanda mpaka volti 14 inakuwa mbaya zaidi. Regyuleta ya aina hii ufanisi wake unaujua kabla hujaiunga, gawa volti zinazotoka kwa volti zinazoingia basi, hakuna ufundi wa kubadilisha hapo.

Dawa ni konveta ya kushusha volti kwa kukatakata. Swichi inafunguka na kufunga kwa kasi, koili inahifadhi nishati swichi ikifunga na kuiachia swichi ikifunguka, kapasita inalainisha. Swichi ikifunga kabisa inapitisha mkondo lakini juu yake karibu hakuna volti, ikifunguka ina volti lakini hakuna mkondo, na joto linataka vyote viwili kwa pamoja, ndo siri yote ya teknolojia hii. Konveta nzuri ya kutoka 12 kwenda 5 inafika asilimia 90 bila shida, kwa hiyo kwa simu yako ileile badala ya wati 7 utakuwa unapoteza kama nusu wati na ushee.

Ila msije mkazitupa 7805 zote. Kama unahitaji miliampea chache tu, au saketi ya sauti au redio ambayo haitaki kelele za kukatakata, regyuleta ya kawaida bado inafaa sana. Na kama tofauti ya volti ni ndogo, mfano kutoka 3.6 kwenda 3.3 kwa regyuleta zile zinazovumilia tofauti ndogo, unapata asilimia 92 hivi bila koili wala kelele, konveta nyingi za bei chee hazikushindi hapo.

SWALI: Mtaalamu naomba unisaidie maana nimeshagombana na aliyenifungia sola. Nna betri moja ya asidi ya volti 12 ampea-saa 100 na inveta ya wati 3000, nilichukua kubwa ili baadaye niongeze vitu. Usiku nawasha taa tatu za wati 5 na ruta ya wati 10 basi. Lakini asubuhi inveta inapiga kelele betri imeisha. Betri ni mbovu? – Mwenye giza

JIBU: Pole sana, na kabla hujaendelea na ugomvi tufanye hesabu, maana betri inaweza kuwa haina kosa lolote.

Mzigo wako ni wati 25. Lakini inveta yenyewe, hiki kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ili tu iwe macho, transfoma yake iwe na sumaku, mosfeti zake (swichi za kielektroniki) ziwe zinakatakata na feni na taa za mbele ziwake, ina chakula chake. Inveta ya wati 3000 kula wati 30 bila kuunga kitu ni jambo la kawaida kabisa, tafuta kwenye kijitabu chake sehemu inayoandika matumizi bila mzigo. Kwa hiyo betri inatoa zile 25 pamoja na upotevu wake mdogo, na 30 za inveta kujiendesha, jumla karibu wati 56. Ile asilimia 93 iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwenye mzigo mkubwa, wewe kwa mzigo wako uko kwenye asilimia 45. Umechukua lori la tani kumi kubeba ndoo moja ya maji kila usiku.

Kutoka saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi ni masaa 12, wati 56 mara 12 ni wati-saa 672. Betri yako ikijaa ina 1200, na betri ya asidi haitakiwi kushushwa zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Umeona? Zimeisha kabla hata hakujapambazuka vizuri, na zaidi ya nusu ya ulichotumia hakikuwasha taa wala ruta.

Ningekuwa mimi ningeanza na ruta na taa kuzitoa kabisa kwenye inveta. Taa za LED za volti 12 DC zipo. Ruta nyingi zinatumia DC ya volti 12, na hapa angalia unafanya nini sasa hivi, betri DC, inveta inaigeuza AC kama ya ukutani, adapta ya ruta inairudisha DC ileile. Tuseme kwa ukarimu inveta ni asilimia 88 na adapta 85, ukizidisha unapata 75 tu, robo imeyeyuka njiani na umerudi ulikoanzia. Usiunge ruta kwenye betri moja kwa moja lakini, maana betri ya volti 12 kiukweli inacheza kuanzia 11 mpaka zaidi ya 14, tafuta konveta ndogo ya DC inayopandisha na kushusha ili itoe 12 thabiti, na weka fyuzi karibu na betri. Ukifanya hivyo usiku mzima unatumia kama wati-saa 325. Betri ileile, inabaki na akiba.

Inveta kubwa iwashe ukiwa na kazi ya kuifanyia. Kama ina ile hali ya kuokoa umeme, ambayo inalala na kuchungulia kila baada ya muda kama kuna mzigo, ijaribu, ila taa moja ndogo saa nyingine haitoshi kuiamsha.

Na kwa kuwa unasema utaongeza vitu, ongezea kwenye volti 24 au 48, usibaki kwenye 12. Wati 1000 kwenye volti 12 ni ampea 83, kwenye 48 ni ampea 21. Joto la waya linafuata mkondo kwa kipeo cha pili, kwa hiyo mkondo ukishuka mara nne joto linashuka mara kumi na sita. Nyaya na viungio vyako vikiwa na rezistansi ya miliomu 5 kwa jumla, unachoma wati 35 kwenye volti 12 na wati 2 na kitu kwenye 48. Huo ni umeme unaopotea hata kabla haujafika kwenye inveta, na watu wengi hawauoni kwa sababu unapotelea kwenye waya ambao hakuna anayeugusa.

SWALI: MPPT ina maana kweli au ni biashara tu? Nna paneli ya wati 100. – Asiyetaka kuibiwa

JIBU: Ina maana, ila inategemea paneli. MPPT na PWM ni aina mbili za kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri. Paneli ya wati 100 ya kuchajia betri ya 12 inatoa nguvu yake yote kwenye kama volti 18 na ampea 5.5. Kontrola ya PWM inaiunga paneli na betri kama swichi tu, volti za paneli zinavutwa chini mpaka za betri, sema 12.5, ampea zinabaki karibu zilezile 5.7 hivi, zidisha unapata wati 71. MPPT ni konveta, inaiacha paneli kwenye 18 yake na kuzibadilisha zile volti za ziada kuwa ampea, hata ikipoteza asilimia 5 unabaki na 95.

Hiyo ni hesabu ya lebo. Jua likiwa kali paneli inapata joto na volti zake zinashuka, na betri ikikaribia kujaa volti zake zinapanda, kwa hiyo ile faida inapungua na kwa paneli moja ndogo kama yako mtu akichagua PWM simlaumu. Lakini mtu akichukua paneli ya wati 250 yenye volti 30 na kuifunga kwa PWM kwenye betri ya 12, hiyo ni hasara ya wazi, atapata kama wati 108 na zaidi ya nusu ya paneli aliyoinunua haitafanya kazi hata siku moja. Hili linanikera kwa sababu naliona mno, na mwenye paneli anaambiwa tu kwamba jua halikutosha.

SWALI: Habari za kazi. Mimi mwanafunzi wa umeme, nimetengeneza konveta ya volti 400 ampea 5 kwa ajili ya mradi. Ilikuwa kwenye kilohezi 100 ikawa na joto la kawaida, nikapandisha mpaka 300 ili koili iwe ndogo, mosfeti ikawa inachemka. Nikabadilisha nikaweka mosfeti kubwa yenye rezistansi nusu ya ile ya kwanza nikijua joto litapungua, ikachemka zaidi mpaka ikapasuka! Sielewi. – Mwaka wa tatu

JIBU: Nzuri sana. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha maana umekutana na kitu chenyewe hasa.

Mosfeti inapoteza umeme kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ikiwa imefunga, mkondo kwa kipeo cha pili mara rezistansi yake. Umesema rezistansi ilikuwa omu 0.1, ampea 5, na inafunga nusu ya muda, kwa hiyo ni wati 1.25. Ya pili ni pale inapohama, kutoka kufunguka kwenda kufunga na kurudi. Hapo katikati kwa muda mfupi sana ina volti na ina mkondo kwa pamoja. Kwenye picha ya osiloskopu (kifaa kinachochora volti zinavyobadilika) uliyotuma kuwasha na kuzima vinachukua nanosekunde 100 kwa pamoja. Nusu ya 400 mara 5 mara nanosekunde 100 ni maikrojuli 100 kila mzunguko. Inaonekana si kitu, sasa zidisha kwa mara 100,000 kwa sekunde, wati 10. Zidisha kwa 300,000, wati 30. Hapo ndo ulipopandisha joto, umeongeza wati 20 kwenye kipande kidogo kuliko kidole.

Halafu ukaja kupambana na zile 1.25! Mosfeti yenye rezistansi nusu imekuokolea wati 0.6. Lakini mosfeti inapunguza rezistansi kwa kuwa kubwa ndani, na ikiwa kubwa geti yake, yaani mguu unaoiamrisha, inadai chaji nyingi zaidi ili ifunge, na draiva yako, saketi inayoisukuma geti, ni ileile yenye ampea zake zilezile, kwa hiyo kuhama kukawa kwa polepole. Tuseme kutoka nanosekunde 100 kwenda 170, hiyo ni wati 51. Ndo iliyopasuka.

Rudisha ile ndogo. Weka draiva yenye nguvu na isogeze karibu kabisa na geti, njia ya shaba kati yao iwe fupi na pana, maana kila sentimita ya waya hapo ni koili inayochelewesha na kuleta mitetemo. Angalia daiodi pia, ile inayopitisha mkondo upande mmoja tu, daiodi ya kawaida ya silikoni ikiambiwa izime inaendelea kupitisha mkondo kinyume kwa muda, na mkondo huo unapita kwenye mosfeti yako wakati mbaya kuliko wote, kwa volti 400 tafuta ya silikoni kabaidi, hiyo haina ugonjwa huo. Halafu shusha frikwensi mpaka mahali ambapo koili inakubalika na joto linabebeka, usiichague kwa kupenda namba nzuri.

Ukishaelewa hayo soma kuhusu saketi za mwangwi, zile ambazo koili na kapasita vinaachwa vipokezane nishati na kuzishusha volti za mosfeti mpaka sifuri kwanza, ndipo mosfeti inawashwa. Volti zikiwa sifuri wakati wa kuwasha, ile zidisho yetu ya volti mara mkondo inakuwa karibu sifuri pia. Paua sapulai nyingi nzuri za kompyuta na televisheni zinafanya hivyo. Ni ngumu kuzipigia hesabu mwanzoni, usikate tamaa.

SWALI: Kwenye upande wa kutoa wa konveta niweke daiodi ya Schottky au mosfeti? – Fundi mchanga

JIBU: Inategemea volti unazotoa. Kama ni volti 5 ampea 10, Schottky inabaki na kama volti 0.45 juu yake, wati 4.5 kwenye wati 50, ni nyingi. Mosfeti ya miliomu 5 mahali hapohapo ni nusu wati. Kama unatoa volti 48 ile 0.45 haina uzito wowote, weka daiodi uendelee na maisha. Ukiweka mosfeti hakikisha haifungi kwa wakati mmoja na mosfeti mwenzake wa upande wa pili, acha nafasi ndogo katikati.

SWALI: Hizi chaja mpya za GaN zinazosifiwa ni ndogo na hazipati moto. Ni kweli? – Dada wa ofisini

JIBU: Ndogo kweli dada, hazipati moto si kweli. GaN ni galiamu naitraidi, ileile iliyotumika kutengeneza taa ya LED ya bluu iliyowapatia wanasayansi watatu Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Ubora wake kwenye umeme ni kwamba inavumilia msukumo wa volti mkubwa ndani ya unene mdogo kuliko silikoni, kwa hiyo swichi inakuwa ndogo, geti yake inadai chaji kidogo, inahama haraka. Ukisoma jibu la mwanafunzi hapo juu utaona maana yake, mtengenezaji anaweza kupandisha frikwensi bila kuunguza swichi, na frikwensi ikipanda transfoma na kapasita vinapungua.

Google pamoja na chama cha wahandisi cha IEEE waliwahi kuweka shindano la inveta ndogo, walilitangaza 2014, zawadi dola milioni moja, inveta ya kilovolti-ampea 2 yenye ufanisi wa zaidi ya asilimia 95 na angalau wati 50 kwa kila inchi ya ujazo. Mwaka 2016 timu ya kampuni ya CE+T Power ya Ubelgiji ikatangazwa mshindi ikiwa imepita wati 140 kwa inchi ya ujazo, wametumia GaN. Ndugu yake GaN ni silikoni kabaidi, yenyewe imeshika zaidi kwenye volti kubwa, Tesla waliiweka kwenye inveta ya Model 3 iliyoanza kutoka 2017.

Kuhusu moto, chaja ya wati 65 yenye ufanisi wa asilimia 88 inapoteza karibu wati 9, yenye 93 inapoteza karibu 5. Joto limepungua sana, lakini na kava nalo limepungua, kwa hiyo mkononi unaweza usisikie tofauti. Hapa pia mjue jinsi ya kusoma hizi asilimia, kutoka 96 kwenda 98 mtu anaona ni mbili tu, lakini upotevu umetoka 4 ukawa 2, nusu nzima ya joto imeondoka, hitisinki nusu, labda na feni imetoka. Mimi nikiona lebo natoa kwanza kwenye mia halafu ndo nalinganisha.

SWALI: Kompyuta yangu ikiwa haina kazi nyingi inavuta wati 60, nikicheza gemu 280. Ninunue paua sapulai ya wati 1000 ya Gold? – Mcheza gemu

JIBU: Chukua ya 500 hivi. Alama ya ufanisi ya 80 PLUS, ambayo Gold ni daraja lake mojawapo, ilianza 2004, na kwa umeme wa volti 115 Gold maana yake ni angalau asilimia 87 kwenye mzigo wa asilimia 20, 90 kwenye nusu, 87 ikijaa. Chini ya 20 Gold haipimwi kabisa. Wati 60 kwenye sapulai ya 1000 ni asilimia 6, uko mahali ambapo ile alama haijaahidi kitu, na huko ndiko kompyuta yako inakaa muda mwingi. Ni kisa kilekile cha inveta ya wati 3000.

SWALI: Kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachosema kinapunguza bili ya nyumbani nusu, kinafanya kazi? – Wengi mmeuliza

JIBU: Hapana. Ndani mara nyingi kuna kapasita na taa ndogo. Kapasita inaweza kusahihisha mkondo uliochelewa kwenye mota, na viwandani jambo hilo lina faida, lakini mita ya nyumbani inahesabu wati-saa halisi na hizo hazijabadilika. Kidude chenyewe kinakula kidogo juu yake.

SWALI: Nimepima ufanisi wa konveta yangu ya 24 kwenda 12 nikapata asilimia 104. Kuingia volti 24.0 ampea 4.4, kutoka volti 12.2 ampea 9.0. Wenzangu wananicheka. – Mpimaji

JIBU: Wasikucheke, umepima, wengi hawapimi. Umeandika mwenyewe kwamba volti za kutoka ulizisoma kabla ya kuunga mzigo. Mzigo ukiunga volti zinashuka, zikifika 11.4 tayari unarudi kwenye asilimia 97. Na klampu mita ya DC, ile inayobana waya kupima ampea, lazima uirudishe sifuri kabla ya kila kipimo, na uigeuzie upande uleule, maana hata usumaku wa dunia unaisogeza. Soma namba zote nne kwa wakati mmoja, mzigo ukiwa umekaa mpaka joto limetulia, na volti uzichukue kwenye skrubu za konveta yenyewe, sio mwisho wa waya.

Lakini hata ukifanya yote hayo, kifaa kikiwa kizuri hivyo multimita zinakuangusha. Upotevu ni asilimia 3, mita zako nne zikikosea asilimia moja moja jumla inaweza kufika 4, kosa limekuwa kubwa kuliko kitu unachokitafuta. Kwa hiyo pima joto lenyewe. Weka konveta ndani ya boksi lililofungwa, nyaya tu zitoke nje, mzigo ubaki nje, iache ifanye kazi mpaka kipimajoto cha ndani kisipande tena, andika. Itoe, weka rezista, kipande kinachogeuza umeme wote kuwa joto, mahali pake ndani ya boksi lilelile, chumba kikiwa na joto lilelile, iunge kwenye sapulai unayoweza kuirekebisha na uipandishe polepole mpaka kipimajoto kitulie palepale. Wati unazoipa rezista wakati huo, volti zake mara ampea zake, ndo wati ambazo konveta yako inapoteza.